Sifuri na Nyasi za Uani

Mtaa mzima ulimwita Sifuri, na jina hilo hakulipata kwa bahati. Ukiingia saluni kwake na mba, anakukalisha kitini, anakukagua, kisha anatoa hukumu: "Tupige namba sifuri." Una mvi zinazokuzeesha, sifuri. Mwanao karudi na chawa, sifuri, na baba mtu naye akae hapohapo kabla hawajamhamia. Mashine zake zilikuwa na vitana vya kila namba, lakini vitana hivyo vilikaa kwenye kopo vikila vumbi, kwa sababu yeye alishaamini kwamba kichwa safi ni kile kinachong'aa.

Na siku mashine ilipoteleza ikala pasipotakiwa, hakuomba radhi mara mbili. Alikung'uta shuka, akasema neno moja alilolirithi kwa baba yake, kinyozi wa kabla yake: "Zitaota." Mteja akaondoka ameshika kichwa, kanuna. Mwezi ukiisha anarudi, maana kweli zimeota.

Sasa mtu huyohuyo, uani kwake palikuwa pori. Kiwanja chenyewe si cha kutisha. Kutoka kibarazani hadi kwenye tangi la maji ni safari ya kukohoa mara mbili. Nyasi zilifika magotini. Majirani hawakuhangaika kutafuta maneno, wahenga walishawamalizia kazi: kinyozi hajinyoi. Naye alicheka nao. Kumbe ukweli ulikuwa begani. Miaka yote ya kuinua mkono juu ya vichwa vya watu ilikuwa imemla bega la kulia, na fyekeo akilirusha mara mbili tu anaona nyota mchana.

Angeendelea kucheka nao hadi leo, kama baba yake asingepata kiharusi.

Mzee alitoka hospitali mguu wa kushoto ukiburuza na mdomo umepinda kidogo. Akaletwa kwa Sifuri, akawekwa kibarazani kwenye kiti chake cha zamani cha kunyolea, kile cha kuzunguka, ambacho mwanawe alikataa kukiuza kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Daktari wa viungo alisema mzee atembee kila siku na fremu yake ya chuma, nje, mahali tambarare na laini, maana kwenye saruji akianguka nyonga haitamsamehe. Akasema pia kwamba sauti anayo, anaweza kuongea. Hataki tu. Siku za mwanzo aliongea, maneno yakatoka yamepinda, mgeni mmoja akacheka bila kukusudia, na tangu siku hiyo mzee akaufunga mdomo. Ukimwuliza kitu, anatikisa kichwa.

Ndipo dada mtu akapiga simu. Ni dada mkubwa, anaishi mji mwingine, safari ya basi kutwa nzima. Ndiye aliyemlea Sifuri tangu mama yao alipofariki, kwa hiyo hakuongea naye kama mtu anayeomba.

"Mdogo wangu, baba nakuja kumchukua Jumamosi ya wiki ijayo."

"Dada, baba yuko sawa hapa."

"Yuko sawa amekaa. Atembee wapi? Hapo uani kwako nyoka anaweza kulea wajukuu zake na usimjue hata mmoja. Kwangu kuna mtu anafyeka kila wiki."

"Na nikipasafisha?"

"Hayo umeyasema tangu mwaka juzi. Nikifika nikakuta pamekuwa pa kutembea mtu, tutazungumza. Nikikuta vilevile, mnifungie nguo za baba."

Sifuri alibaki na simu mkononi. Msimwone anacheka na kila mtu, siku hiyo aliogopa. Huyu baba ndiye aliyemshikisha mashine ya kwanza, akamshika kiwiko, akamwongoza juu ya kichwa cha mtu. Kuishi naye akiwa kimya kulikuwa kugumu. Kuishi bila yeye hakutaka hata kukufikiria. Akaingia jikoni kwa mkewe, mpishi wa shule, akamwambia, "Kesho nafunga saluni. Nakwenda kununua mashine ya kukatia nyasi."

"Kununua au kuangalia?" mke akauliza bila kuacha kusugua sufuria.

"Kununua."

"Haya. Ununue utakayoweza kuisukuma, siyo utakayoweza kuisifia."

Duka la vifaa vya shamba lilikuwa limepanga mashine mlangoni, kila moja na rangi yake ya kuvutia macho. Muuzaji, mtu mpole mwenye penseli sikioni, alimpeleka kwanza kwenye ya petroli, kama wafanyavyo wauzaji wote. Sifuri akavuta kamba ya kuwashia. Bega likamjibu kabla ya injini. Hiyo ikapita. Ya umeme ilikuwa nyepesi, lakini ilitaka waya mrefu uburuzwe uani, na Sifuri aliujua umeme wa mtaani kwao: ungekatika kabla yeye hajakata. Nayo ikapita, na bei yake ikaifuata nyuma.

Kule pembeni, nyuma ya mabomba, zilikuwepo mbili zisizo na injini. Magurudumu mawili, mpini mrefu, na katikati visu vilivyojipinda ambavyo huzunguka mtu akisukuma, vikisugua kisu kimoja kilicholala chini. Sifuri akachuchumaa. Akazungusha gurudumu kwa kidole, akasikiliza. Kitu hiki alikijua. Ni mkasi, ila umepewa miguu. Akaomba kipande cha gazeti, akakipitisha. Ile pana iliikata karatasi upande mmoja na kuutafuna upande wa pili. Ile nyembamba ilikata kote, kwa mlio mdogo wa kupendeza. Akaisukuma kutoka kaunta hadi mlangoni kwa mikono miwili, kisha kwa wa kushoto peke yake. Bega halikusema kitu. Tena ndiyo iliyokuwa ya bei ya chini kuliko zote, ila hilo hakulionyesha usoni mpaka alipokwisha kuomba apunguziwe.

"Umechagua vizuri," muuzaji akasema. "Ila nyasi ndefu haiziwezi, zifyeke kwanza zishuke. Na hapa pembeni pana namba za kupandisha visu. Anza na tatu. Usianze chini kabisa, utaziua."

"Wewe uza, ndugu yangu. Kunyoa niachie mimi."

Muuzaji akachomoa penseli sikioni, akaandika risiti.

Kufyeka kulikula wiki nzima. Kila asubuhi kabla ya kufungua saluni, Sifuri alikuwa uani na fyekeo mkono wa kushoto, mkono usiojua kazi, anapiga nyasi kama mtu anayefukuza mbwa. Jirani akachungulia juu ya ukuta.

"Kinyozi, leo unajinyoa?"

"Leo najinyoa," akajibu, akaendelea kupiga.

Mkewe akirudi kazini alichukua mundu akaendelea pale mumewe alipoishia, wala hakumwambia. Mzee kibarazani alikuwa anazungusha kiti chake taratibu, kumfuata yeyote anayefanya kazi.

Ijumaa mashine ikaingia uani. Nyasi zilikuwa zimeshuka hadi kwenye kifundo cha mguu. Sifuri akazitazama zile namba za pembeni, moja hadi tano, na chini ya moja tundu lisiloandikwa kitu. Akakumbuka tatu. Halafu akamfikiria dada yake anavyokagua vitu, na mkono ukaenda wenyewe. Lile tundu la chini akaliona kama limeandikwa jina lake.

Alinyoa hadi giza likaingia, safu kwa safu, akizunguka tangi kama anavyozunguka sikio la mteja. Alipomaliza palikuwa hapana unyasi uliosimama. Akaiegesha mashine ukutani, bega linawaka, roho imetulia.

Asubuhi hakuamini macho yake. Mizizi ilikuwa nje, udongo umechomoza kwenye kila kinundu, na nyasi zilizobaki zilikuwa za njano. Ua mzima ulikuwa kichwa chenye mapunye. Mkewe akasimama mlangoni na kikombe chake.

"Kinyozi hajinyoi," akasema polepole, "na akijinyoa hujikata." Hakusema kwa kejeli. Alimwonea huruma, na huruma hiyo ndiyo iliyomchoma Sifuri zaidi.

Dada alifika na begi dogo begani. Akamwamkia baba yake, akamfuta uso kwa leso, kisha akageuka kuutazama ua. Akautazama muda mrefu.

"Hizi nyasi umezikata au umezizika?"

Mtu aliyekuwa na jibu la kila kichwa alitazama vidole vyake vya miguu. "Zimekufa, dada. Niliambiwa nisishushe visu, nikashusha. Mfungie tu baba nguo zake."

Kiti cha kunyolea kikalia. Mzee alikuwa amekizungusha, ameivuta fremu, anasimama. Siku nyingine hubembelezwa mpaka watu wachoke. Leo hakuna aliyemwambia kitu. Dada akanyoosha mikono kumdaka.

"Wifi, mwache," mke wa Sifuri akasema.

Fremu kwanza, mguu mzima, kisha ule unaoburuza. Akashuka kibarazani. Miguu ya fremu ikazama kidogo kwenye udongo laini, ikashika. Hakuna unyasi uliomkamata. Akaenda hadi kwenye tangi la maji, akaligusa kwa kiganja, akageuka, akarudi hadi aliposimama mwanawe. Pumzi zilimwenda mbio. Akautazama ua, akamtazama mwanawe, mdomo ukaanza kuhangaika, ukapinda, ukajaribu tena.

"Zi... zitaota," akasema.

Lilitoka limepinda, na wote walilielewa. Sifuri alipoharibu kichwa chake cha kwanza, angali mwanafunzi, alikimbilia nyuma ya saluni kulia, na sauti hii ndiyo iliyomfuata na neno hilihili. Akalia tena, mbele ya dada yake, wala hakujificha.

Dada akashusha begi. Naye alikuwa analia, lakini dada wakubwa hulia huku wakitoa amri. "Hiyo mashine, muuzaji alikwambia namba ngapi?"

"Tatu."

Akainama, akaipandisha mwenyewe hadi tatu, akaijaribu kama imekaza. "Wifi, nionyeshe pa kulala. Jumatatu naondoka, na begi langu hilihili tu."

Wakati huo hakuna aliyekuwa anamwangalia mzee. Alishaigeuza fremu yake, na alikuwa anaelekea kwenye tangi mara ya pili.