Jembe la Kambo katika Shamba la Mwalimu

Asubuhi ile tulikuwa watu sita katika shamba la mwalimu, nami nawakumbuka wote. Alikuwepo mwalimu Anselme mwenyewe, kijana asiye na mke, aliyetoka Kasai kuja kutufundisha darasa la pili. Alikuwepo kambo Chola, bibi yangu mzaa mama. Alikuwepo jirani yetu mama Mwenya, muuza samaki wa Kasenga, na mama Kapinga, ambaye mwalimu alimwita shangazi kwa kuwa walitoka kijiji kimoja. Halafu Feza, binti wa mama Mwenya, na mimi. Na harufu ya udongo uliopigwa na mvua za kwanza. Hiyo nayo naihesabu, maana hata leo ikinijia puani mikono yangu hutafuta mpini.

Huku kwetu Annexe, pembezoni mwa mji, leo nyumba zimebanana, lakini wakati ule ukitoka shuleni ulikuta mashamba tu. Shule haikuwa na kengele. Palining'inia kipande cha reli kwenye mti, kikagongwa kwa chuma, na mlio wake ulifika mpaka kisimani. Aliyechelewa alipewa jembe akalime shamba la mwalimu, nyuma ya darasa, mpaka mapumziko. Hakuna mzazi aliyenung'unika. Mchelea mwana kulia hulia yeye, na kwetu hakuna aliyechelea. Mkono wa kambo mwenyewe ulikuwa mzito, nawaambia.

Mimi na Feza tulianza kila siku kwa kuchota maji, na tangu shule ifunguliwe hatukuwa tumechelewa. Mvua zilipoanza, mambo yakageuka: ndoo hazijajaa, reli inalia. Wenzetu wakajifunza kuamka na giza, sisi wa kisimani hatukuweza. Basi tukawa tunalima kila asubuhi, na dirishani tunawasikia wenzetu wakisoma ba, be, bi. Ule ndio uliokuwa mwaka wa kuunganisha herufi. Mama alikuwa amejifungua, na nyumbani ilikwisha kusemwa: nisipojua kusoma mwisho wa mwaka, nitabaki kubeba mtoto. Nililima masikio yakiwa dirishani. Sauti nilizishika zote, lakini sura zake ubaoni sikuziona, kama mtu anayesikia wageni wakicheka chumba cha pili.

Nani anapeleka adhabu yake nyumbani aongezewe? Ni kambo aliyeona malengelenge kiganjani. Akauliza kwa nini mwaka huu jua linakokota miguu na reli inakimbia. Jioni akatembea hadi nyuma ya shule, akayahesabu matuta, akarudi akicheka peke yake: reli ilianza kukimbia pale shamba la mwalimu lilipohitaji mikono. Kisha akaenda kubisha kwa mama Mwenya na kwa mama Kapinga.

Kesho yake mimi na Feza tulikuwa tumeinama shambani tulipowaona wale mama watatu wanakuja, kila mmoja na jembe begani. Mwalimu alitoka darasani akafurahi sana. Alidhani wamekuja kumsaidia kwa upendo, akawaonyesha hata pa kuanzia. Hapo ndipo alipokosea, masikini. Kwetu, ukiisha kupokea tuta la kwanza la mtu, umekuwa mwenyeji wake, na mwenyeji hulisha. Walilima mpaka shamba likaisha, wakimtania Feza kwamba analima kama kuku anayetafuta punje. Kisha wakaenda kuketi mlangoni kwa mwalimu, pale pale kando ya shamba, wakanyoosha miguu.

Mwalimu akawashukuru, akawaaga. Hawakuinuka.

"Turudi na njaa?" kambo akauliza. "Mwalimu, muntu anayelimiwa shamba anatoa bukari."

"Lakini mama, mi sikubaite."

"Uliita mutoto. Mikono ya mutoto iko ya nani?"

Mwalimu akamgeukia mama Kapinga, akitumaini shangazi atamwokoa. Mama Kapinga akaangalia mbali. "Leo mi niko mugeni yako, mwanangu. Mugeni anapikaka?"

Basi mwalimu Anselme akawasha moto akasonga ugali mwenyewe, darasa zima limejazana dirishani. Mama Mwenya alimhurumia, akafungua kitambaa akampa samaki wakavu wawili. Bukari ile ilikuwa na madonge kama changarawe. Tulikula wote, na kambo alipomaliza kunawa ndipo akasema neno alilolijia, tena kwa sauti ndogo: "Kama ni azabu, afagie kiwanja ya masomo wakati benzake banacheza. Mi sitakuuliza. Lakini ile saa ya kusoma haiko yako, haiko yangu. Iko ya mutoto."

Mwalimu alitazama chini. Akasema ni kweli, mama.

Reli ikarudi kwenye saa yake. Mwalimu akatubakiza mimi na Feza kila adhuhuri, akatuonyesha sura za zile sauti moja baada ya nyingine, na mwisho wa mwaka nikamsomea kambo ukurasa mzima, naye hakujua hata herufi moja. Kambo alipofariki, mwalimu alikuja na jembe, akashika zamu yake kaburini.

Niliacha shule darasa la nne, lakini kusoma hakukuniacha. Mwaka huu mjukuu wangu Dorcas ameniletea karatasi ya sheria za shule nitie sahihi. Kifaransa chake sikielewi chote. Mimi naziita herufi kwa kidole, Dorcas anafasiri. Zamani karatasi kama hiyo haikuwepo, tulikuwa na reli tu. Tulipofika penye "kazi za mikono" kwa mkosaji nikasimama. Kazi gani, ya nani, saa gani? Nikaenda kumwuliza mkuu wa shule, mama mpole. Akacheka kidogo, akachukua kalamu, akaongeza: ndani ya shule, nje ya saa za masomo. Ndipo nikatia sahihi.

Feza alihamia Kasomeno. Kama anasoma haya, yeye au mwingine aliyekaa dirishani siku ile, na nimekosea, anirekebishe: labda samaki walikuwa watatu, labda reli ilining'inia upande wa pili. Ila madonge ya bukari asiyaguse. Yale niliyatafuna mwenyewe.