Yaya wa Machinjioni

Tangu utotoni binti alimwona baba yake akitoka kila chumba kinyumenyume. Aliaga, akapiga hatua za nyuma taratibu, mkono mmoja ukipapasa mwimo wa mlango, na mpaka avuke kizingiti ndipo alipogeuka na kushika njia yake. Wageni walidhani ni adabu za kizamani. Mama wa binti, enzi za uhai wake, alimchokoza mumewe: "Wewe unatoka jikoni kwangu, au unamtoroka fahali?" Naye akajibu kwa uso mkavu: "Kwani kuna tofauti?"

Kazi ndiyo iliyomlea hivyo. Kwa maisha yake yote ya utu uzima alikuwa mtu wa kwanza kukutana na mnyama machinjioni. Mnyama aliingizwa kwenye kizimba chembamba cha chuma; yeye, akiwa amesimama kwenye jukwaa la pembeni, aliinama, akagusisha mdomo wa bunduki fupi kwenye paji la uso, na mnyama akaanguka asijue kilichompata. Bunduki ile haikurusha risasi kama za askari. Ndani yake mlikuwa na mtarimbo mfupi, mnene kama kidole gumba, ambao ulichomoka, ukapiga ubongo, ukarudi mahali pake. Kilichousukuma ni kijirisasi cha baruti tupu, na machinjioni kote kilijulikana kama kidonge. Vidonge vilikuwa na rangi zake: vya kijani vya mbuzi na kondoo, vya njano vya ng'ombe jike, vyekundu vya fahali. Na kwa kuwa mzee huyu, pandikizi la mtu, kazi yake ilikuwa kuwalaza wengine, walimpa jina la Yaya.

"Yaya, mtoto amelala?" waliuliza kutoka ukumbini kabla ya kufungua mlango wa kizimba.

"Amelala fofofo. Ingieni."

Hakuwahi kusema hivyo na mnyama akawa macho.

Aliyekuwa akiingia wa kwanza, na mnyororo mkononi ili aufunge mguu wa nyuma, alikuwa mkwe wake. Binti mwenyewe alikaa mwisho wa ukumbi, kwenye mizani, akipima vichwa, maini na ngozi. Kila asubuhi uhai wa mumewe ulining'inia kwenye neno moja la baba yake. Alizoea, kama mtu anavyozoea kuishi kando ya reli, lakini mikono ilipokuwa ikipima, sikio lilikuwa kule kizimbani.

Kisha vidonge vikaadimika. Duka kubwa lililoviagiza likasema hakuna tena. Viwanda vilikuwa vimehamia kwenye risasi za kuulia watu, ambazo ndizo zenye soko. Aliyebaki na akiba ni mtu mmoja tu, kaka mkubwa wa mumewe, mwenye kibanda kando ya geti alikouza visu, viatu vya mpira na chumvi ya mawe. Zamani aliuza vidonge kwa boksi. Sasa akaanza kuviuza kimoja kimoja, vimefungwa kwenye karatasi kama dawa ya kikohozi, na bei ya asubuhi haikuwa ya mchana. Kila aliyelalamika aliambiwa, "Hiki kitu ni adimu sasa hivi." Basi wakamwita Adimu.

"Kaka, mimi ni damu yako," mumewe alimwambia siku moja, mkewe akisikia.

"Ndiyo maana unaona nimekuuzia. Mwingine ningemwambia vimekwisha."

"Jana ulitaja bei nyingine."

"Basi rudi hiyo jana ukaninunulie wewe."

Baba yake hakubishana na mtu. Vidonge vyekundu vilivyobaki aliviweka kwa ajili ya fahali peke yao. Ng'ombe jike akawarudia kwa nyundo, ile nyundo ndefu aliyoanzia kazi ujanani, ambayo aliitundika ukutani siku bunduki ilipofika na kuapa hataishika tena.

Binti aliiona asubuhi hiyo ya kwanza. Pigo lilitua chini kidogo ya mahali pake. Ng'ombe hakuanguka, alipepesuka, mfupa wa pua ukiwa umebonyea, akatoa sauti ambayo hakuna mtu pale ndani aliyewahi kuisikia kwa ng'ombe. Pigo la pili likang'oa pembe. Damu ikamrukia mzee usoni, ikaingia mdomoni, akaitema, akainua nyundo tena. Wachinjaji waliokuwa wakitaniana wakashusha visu. Ng'ombe alipolala hatimaye, mzee alibaki ameegemea mpini, mabega yakimpanda na kushuka.

"Yaya," mmoja akauliza kwa sauti ya chini, "amelala?"

"Huyu hakulala," akasema. "Huyu nimemuua."

Nyumbani hakugusa chakula. Binti alimletea maji ya moto ya kukanda bega.

"Kula kidogo, baba."

"Mama, nyundo inamwonyesha mtu alivyo na nguvu. Mimi sikutaka kujua."

Meneja alifurahi. Nyundo hailipiwi, alisema. Kwa nini na fahali wasipigwe kwa nyundo? Mzee alimjibu akiwa amesimama, mikono nyuma: "Fahali simpigi nyundo mkwe wangu akiwa nyuma ya ule mlango. Ukitaka, njoo ushike mnyororo wewe, mimi nitapiga." Meneja akaenda zake, lakini akatoa amri: vidonge vya fahali wajitafutie wenyewe; pasipo kidonge, fahali asiletwe. Na fahali ndio waliokuwa na nyama, ndio waliolipa mishahara. Vyekundu vilipoisha kabisa, ukumbi ukakaa kimya, watu wakinoa visu visivyo na kazi.

Ndipo mumewe alipokuja mbio kutoka getini, mfuko wa shati umetuna. Kaka yake amepata mzigo mpya. Vyekundu vitupu! Bei ilikuwa ya kuua, alikuwa ametoa hata pesa ya kodi ya nyumba, lakini meno yote yalikuwa nje.

"Kaka amenionea huruma," alisema.

"Adimu na huruma?" mchuna ngozi akacheka. "Hivyo viwili havijawahi kukutana hata njiani."

Fahali aliyekuwa wa kwanza asubuhi hiyo alikuwa mweusi, shingo kama gogo, na alikuwa amekwishapinda vyuma viwili vya kizimba kabla hajafika mwisho. Mzee akachukua kidonge, akakisukuma ndani ya bunduki kwa kidole gumba. Joto lilikuwa kali, mikono imelowa jasho. Alipotoa kidole kilikuwa chekundu. Akakipangusa kwenye aproni. Mtu wa kazi nyingine yoyote angekitazama kidole kile mara mbili; lakini mle ndani kila mkono ulikuwa mwekundu siku zote, na mchinjaji haulizi damu imetoka wapi.

Akainama. Akapiga.

Mlio ulikuwa mwembamba, kama wa mtu aliyefunga kabati. Fahali akapiga magoti, kidevu kikagonga sakafu, ulimi ukatoka.

"Yaya, mtoto amelala?"

Mzee alikuwa akimtazama. "Amelala," akasema.

Hakusema fofofo. Kule kwenye mizani binti alilisikia lile pengo, akainua kichwa. Lakini mlango ulikuwa umekwisha funguliwa na mumewe amekwisha inama na mnyororo wake.

Fahali aliinuka kwa mkupuo mmoja. Alimchukua mumewe kwa kichwa, akavuka naye ukumbi mzima, akambamiza ukutani kati ya kulabu za kutundikia nyama, akarudi nyuma, akambamiza tena. Mbavu zilisikika. Watu walikimbilia juu ya meza. Mzee hakuwa na muda wa kuweka kidonge kingine, na kingemfaa nini? Aliruka kutoka jukwaani, nyundo mkononi, akajitia kati ya ukuta na pembe. Pembe ya kushoto ikamwingia pajani, juu, karibu na nyonga, ikamwinua kutoka chini. Huko juu alikoinuliwa ndiko alikopigia. Alipiga mara ya kwanza, akapiga tena, mpini ukiteleza kwa damu yake mwenyewe, akapiga hadi fuvu likafunguka na fahali akaenda chini naye, wamekumbatiana kama walevi wawili.

Wakamchomoa. Damu ya paja ilitoka kwa kurukaruka. Mumewe alikuwa hai, akivuta pumzi kwa mluzi.

Mchuna ngozi ndiye aliyeokota vidonge vilivyomwagika mzee aliporuka. Akatemea kimoja mate, akakisugua kwenye mkono wa shati. Wekundu ukatoka. Chini yake palikuwa na kijani.

"Rangi ya mdomo!" akapiga ukelele. "Ametuuzia vya mbuzi! Amevipaka rangi ya mdomo!"

Ukumbi mzima ulitoka na visu vyake.

Wawili walibaki kuwabeba majeruhi hadi kwenye pikapu ya kusambazia nyama. Binti alipanda nyuma, akapiga magoti, akakandamiza paja la baba yake kwa aproni iliyokunjwa, uzito wake wote juu yake. Hawakufika mbali. Pale getini njia ilikuwa imezibwa na watu. Walikuwa wamemvuta Adimu juu ya meza yake ya biashara, viatu vya mpira vimetapakaa kila mahali. Mmoja alimshika nywele na kumsugua uso kwenye chumvi ya mawe. Mwingine alimpiga teke mdomoni, meno yakatoka na mate. Jicho moja lilikuwa limekwisha funga, sikio linaning'inia.

"Sema ni adimu!" walikuwa wakimwambia. "Sema!"

Dereva alipiga honi. Nani wa kusikia? Mumewe, akiwa amelala kando ya mzee, alijaribu kuinua kichwa. Povu jekundu lilimtoka midomoni. "Kaka," akasema. "Kaka." Akataka kuinuka, mluzi wa kifua ukakatika, ukarudi.

Mzee alimtazama mkwe wake. Kisha akamtazama binti yake.

"Mama. Waambie nimekosa."

"Umekosa nini, baba?"

"Shabaha. Waambie mkono uliteleza."

"Wewe hujawahi kukosa! Na rangi wameiona kwa macho yao."

"Rangi wameiona. Mkono wangu hawakuuona." Akamwelekezea mkwe wake kidevu. "Huyu akimwona nduguye anakufa, naye hafiki hospitali. Piga kelele."

Hakutaka. Katika mambo yote aliyowahi kuambiwa na baba yake, hilo ndilo alilolitii kwa chuki. Akasimama kwa goti moja, lingine likiwa bado limekandamiza jeraha, akapiga kelele mpaka koo likamwasha:

"Yaya amekosa! Yaya mwenyewe anasema amekosa shabaha! Mkono uliteleza!"

Haikuwa habari ya kuaminika, na labda ndiyo sababu waliisikia. Mchuna ngozi aligeuka, kisu kikiwa juu. "Nani kasema?" Mzee akainua mkono wake mwekundu kutoka ndani ya pikapu, akauacha hewani wauone. Watu wakakodoa macho. Pengo likafunguka, dogo tu, na dereva akalipita kwa kasi.

Mumewe alipona, ingawa hadi leo hulalia ubavu mmoja. Adimu alipona pia, na jicho moja na taya lililokaa upande, akahama bila kumuaga mtu. Machinjioni hadithi imebaki vilevile: vidonge vilikuwa vibovu, sawa, lakini Yaya naye siku hiyo alikosa, uzee ulikuwa umeingia mkononi. Wafanyakazi wapya hufundishwa hivyo. Baba hayupo tena wa kubisha; binti, kwenye mizani yake, husikia na kuendelea kupima.

Siku ile barabara ya hospitali ilikuwa na mashimo, na kila shimo lilimchukulia baba yake damu nyingine. Aproni ilikuwa nzito kama nguo iliyotoka kufuliwa. Binti alidhani mzee amekwisha kwenda. Lakini mzee akafumbua macho, akamtafuta binti yake, akampata, na kitu kama kicheko kikapita usoni pake.

"Umepiga kelele vizuri, mama," akasema. "Ila wewe usije ukaamini."