Chumba cha Juu Kinachotazama Bahari

Baba yangu alikuwa mhudumu wa mezani katika hoteli kongwe ya Tanga, iliyojengwa ufukweni na Wajerumani kabla Waingereza hawajaja. Likizo moja mama alitushusha kutoka milimani hadi stesheni ya Same, tukapanda treni kwenda kumtembelea. Wageni wa hoteli walikuwa Wazungu watupu. Sisi tulifikia kwenye vyumba vya wafanyakazi, nyuma ya jiko.

Siku ya pili mchana ilinyesha mvua kubwa, maji yakaingia ndani na magodoro yakalowa. Baba alisema tutabanana jikoni. Mama alimbeba mdogo wangu mgongoni, akanishika mkono, akaenda moja kwa moja kwa meneja, Mwingereza mzee.

“Bwana, watoto wangu wamelowa,” alisema kwa Kiswahili chake chenye lafudhi ya Kipare. “Huko juu kuna vyumba vitupu. Naomba kimoja mpaka chetu kikauke.”

Meneja alimtazama. Mama hakuinamisha macho. Mwishowe akapewa ufunguo.

Asubuhi iliyofuata mlango uligongwa. Alikuwa baba, amevaa kanzu nyeupe ya kazi, ameshika sinia la chai.

“Mama watoto, wageni wa juu huletewa chai chumbani,” alisema, akijizuia kucheka.

“Weka hapo mezani,” mama alijibu, “kisha ukae unywe na sisi.”

Baba alichungulia nje, akafunga mlango, akakaa kitandani. Tulikunywa chai pamoja, madirisha yakiwa wazi na bahari yote ikionekana.