Mlango Uliopungua Vidole Vinne

Mpaka leo nikijilaza baada ya chakula cha mchana, nalisikia lile tela. Namsikia mume wangu akipapasa kuta zake kwa ndani, polepole, na jua la Masasi likilipiga bati mpaka linalia lenyewe, ta, ta. Mara nyingine sijui kama nimelala au niko macho. Ila hasira yangu ya siku zile naikumbuka vizuri.

Lilikuwa tela la kulala, la magurudumu mawili, lenye vitanda viwili vyembamba, meza ya kukunja na dirisha kila upande. Lilikuwa la watu waliojenga barabara, nasi tukalipata walipofunga kambi yao. Kwa miaka mingi kuku wangu walitagia humo. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, mstaafu, na niliona hayo ndiyo matumizi bora ya tela. Kisha daktari akamwambia mume wangu kwamba ana presha ya macho, kwamba yatazidi kufifia, na kwamba kilichokwisha kupotea hakirudi.

Hakulia. Siku ya tatu akasema anataka kupanda Newala mara moja tu, kwenye mahame ya marehemu mama yake, pale uwanda unapokatika ghafla na bonde la Ruvuma likaonekana lote kule chini. Gari halifiki huko, njia ni mchanga mtupu. Alitaka amalizie kwa pikipiki yake, akiendesha mwenyewe.

"Kwa macho gani?" nikamuuliza.

"Haya haya, kabla hayajaondoka. Bado naona kama mtu anayechungulia kwenye bomba. Katikati kuko safi."

Pikipiki yenyewe ilikuwa ya porini, ndefu, matairi yenye meno. Alizunguka nayo mashamba ya watu miaka na miaka akipuliza salfa kwenye mikorosho, kuanzia Lukuledi hadi Tandahimba. Tulikuwa na pikapu kuukuu ambayo niliiendesha mimi, lakini nyuma yake hapakuwa na nafasi. Mtu wa uwandani hapandi kwao mikono mitupu, anapanda na maji, maana kule juu hayapatikani kirahisi, na madumu yetu yalijaza pikapu pomoni. Kwa hiyo, akasema, kitanda kimoja kitoke ndani ya tela na pikipiki iingie.

"Hee! Nilale chumba kimoja na pikipiki?"

"Yenyewe haikoromi," akasema.

Akamwita fundi wa kuchomelea, mtu mzima wa Chiungutwa ambaye nilimfundisha kusoma. Kila asubuhi fundi alifika na shikamoo yake, nami nikaitikia marahaba kwa mdomo tu. Wakabomoa kitanda cha kushoto. Wakang'oa sakafu ya mbao iliyokwisha kuoza kwa mavi ya kuku, wakatandaza bati nene lenye vinundu ili matairi yasiteleze. Ukuta wa nyuma wakaukata wote, wakaufunga bawaba kwa chini, ukawa mlango unaoangushwa na kugeuka daraja la kupandishia pikipiki. Wakachomelea pete nne sakafuni za kufungia mipira, na mbele ya ekseli wakaweka chuma cha kushika gurudumu, uzito usije ukakaa mkiani na tela likayumba barabarani. Kwenye paa wakatoboa tundu ili harufu ya petroli itoke.

Mume wangu alipima kila kitu kwa shibiri. Futi ya chuma ilikuwa mfukoni mwa fundi, yeye hakuitaka. Alitanua kiganja chake kwenye bati, kidole gumba mpaka kidole cha mwisho, akahamisha, akahamisha tena, midomo ikihesabu. Nilisimama mlangoni na mwiko wangu nikamtazama, nikasema moyoni, mtu huyu ni mbishi hata kwa futi.

Sasa nitasema nililofanya. Siku ya kuchomelea fremu ya ule mlango, mume wangu alikuwa msikitini. Nikamwendea fundi nikamwambia, "Punguza vidole vinne."

"Mwalimu, usukani hautapita."

"Nimesema punguza."

Akapunguza. Ukishamfundisha mtu kusoma, hana ujanja. Nilijua usukani ukigota, safari itaahirishwa, itaahirishwa tena, na mume wangu atabaki uani kwangu akiwa mzima. Nilimtaka mzima. Kama angekuja kuwa kipofu, basi awe kipofu aliye hai, na mimi nimshike mkono. Sikuomba zaidi ya hapo.

Pikipiki ikagota, kweli. Aliisukuma mara mbili, akaiegemeza. Akapitisha kiganja kwenye fremu, upande huu, juu, upande ule.

"Chuma kimesinyaa," akasema, kisha akaenda kunawa.

Angeweza kuufungua ule usukani kwa spana moja, na spana alikuwa nayo. Hakuufungua. Wiki nzima pikipiki ilikaa nje, na yeye akawa anashinda ndani ya tela, amelala chali kwenye kitanda kilichobaki, akitazama lile tundu la paa. Nikimpelekea chai ananishukuru. Nilikasirika mpaka basi, maana mtu akikushukuru namna hiyo utagombana naye vipi?

Siku moja jua lilikuwa kali, fundi akafunga turubai uani ili achomelee bawaba kivulini. Nami nilikuwa nimetoa nje magodoro, ile meza ya tela na viti vya sebuleni, nivipige vumbi. Sikuwaza lolote. Nikaingia jikoni. Mara nikasikia kilio barabarani.

Akina mama wa mtaa walikuwa wanaingia uani kwangu, kanga zimefungwa viunoni, mmoja ana unga kichwani. Turubai limefungwa, viti viko nje, magodoro nje, na mzee mwenye nyumba hajaonekana wiki nzima. Wangefikiri nini? Jirani yangu wa karibu akaikumbatia pikipiki, akalia kwa sauti, "Jamani, baba wa watu! Kapuliza mikorosho yetu yote, kaondoka hata safari yake hakwenda!"

Mlango wa tela ukaanguka kwa kishindo. Mume wangu akatokea na singlendi yake, nywele zimesimama.

"Nani kafa?"

Mungu wangu, mbio zile! Unga ulimwagika, mmoja akaacha kandambili zote mbili. Baadaye walicheka mpaka wakashika mbavu, na unga uliobaki tukaupikia uji, wakaunywa chini ya turubai lile lile. Wote walicheka isipokuwa mimi. Kaondoka hata safari yake hakwenda. Maneno yale hayakuniacha, uji wangu nikawamwagia kuku.

Walipoondoka nikamwendea fundi. Nikanong'ona, "Rudisha vile vidole vitatu."

"Vinne," sauti ikatoka ndani ya tela. "Vilikuwa vinne, Mwalimu."

Niliingia jikoni nikalia mpaka nikachoka.

Tuliondoka alasiri, pikipiki imefungwa ndani, imetulia. Nikaendesha taratibu, vilima vya mawe vya Masasi vikibaki nyuma yetu, tukapita Chiungutwa, tukapanda uwandani ambako hewa inabadilika na mtu anataka sweta. Mbele kidogo ya Newala tukaegesha pembeni, kwa watu wa ukoo wake, tukawagawia maji nao wakatupa ming'oko ya kuchemsha, vile viazi vya porini. Kisha tukalala. Sijawahi kulala usingizi kama ule. Harufu ya petroli na ya mpira ilijaa, ukungu ukiingia kwa tundu la paa, na yeye kitanda kile kile pamoja nami, mkono wake mmoja umeshika gurudumu. Nikaota kuku wangu wanatagia mayai kwenye tangi la pikipiki.

Asubuhi nikaangusha mlango, tukaiteremsha pikipiki. Nikamwambia sharti langu: mimi nakaa nyuma, na atakwenda mwendo wa mtu anayetembea.

"Ndiyo, Mwalimu," akasema.

Akaenda. Kilomita tatu za mchanga katikati ya mikorosho, gia ya kwanza tupu, miguu yake ikigusa chini kila tulipoyumba. Nilijiandaa kupiga kelele, kushoto, kulia, simama. Sikupata nafasi. Alikata kona kabla sijaiona. Aliinamisha kichwa mahali ambapo tawi lilikuwa chini, nami likanichapa uso. Alivuka mizizi akiitaja, huu tuliuita mgongo wa bibi, hapa nilivunjika jino. Mahame yakapita, mawe matatu ya jiko na mkorosho uliomea ndani ya chumba. Akaenda hatua kadhaa tena, akazima.

Mbele yetu ardhi ilikwisha. Ukungu ulikuwa umekwisha kuondoka wote. Bonde lilikuwa wazi kabisa, kijani kikigeuka buluu, Ruvuma ikimetameta mbali, na ng'ambo ya mto milima ya Msumbiji imesimama. Sijapata kuona kitu kizuri kama kile. Nikamgeukia nimwambie unaona?

Alikuwa ameelekeza uso pembeni kidogo, kwenye kichaka.

"Kuna ukungu?" akauliza.

Ndipo nikazielewa zile shibiri: futi angeisoma kwa macho gani?

Miaka yote niliwachapa watoto kwa kusema uongo. Nikasema, "Upo, mume wangu. Mwingi sana. Tusubiri utapanda."

Akacheka.

"Mwalimu mzima, muongo. Jua linanichoma usoni." Akapapasa mpaka akaupata mkono wangu, akauweka juu ya usukani, chini ya wake. "Haya, anzia kushoto. Kuna nini?"

Nikaanzia kushoto.