Kiti cha Kushoto

Bwana yangu alikuwa fundi wa motoka pale Kashikishi, na mimi niliringa naye mbele ya kila mutu. Miaka ile ya sabini, vijana wa kubeba samaki kwa motoka walikuwa wanashindana nani atafika Chienge mbele. Motoka ya bwana yangu ilikuwa ndogo, ya zamani, lakini aliapa itawakalisha wote chini.

Motere, ile injini yenyewe, aliifungulia mbele ya nyumba, juu ya kitenge changu kipya. Nilimutukana, akacheka. Kichwa cha motere alikivusha ziwa mpaka Kongo, kwa fundi mwenye mashine, kikasagwa kidogo ili petroli na hewa vibanwe zaidi, vilipuke kwa nguvu. Kabureta ilikuwa moja, akafunga mbili. Mwisho akakata silensa. Mama yangu! Kuku waliacha kutaga.

Siku za kuijaribu, mimi ndiye niliyekaa kushoto kwake. Barabara ile naijua kwa miguu, maana tangu usichana nilisukuma humo baiskeli ya samaki. Mvua ikipita, najua mchanga umelala wapi. Lakini kwa kelele ile sauti ya mutu haikusikika, basi niliongea na goti lake. Kofi moja: mchanga, toa mguu. Makofi mawili: shimo. Nikimufinya, ni mbuzi. Goti lilinitii kuliko yeye mwenyewe alivyonitii nyumbani.

Kisha akaanza kupunguza uzito. Akatoa kiti cha nyuma, vioo, hata gurudumu la akiba. Siku moja kabla ya mashindano nikamukuta na spana, anafungua kiti changu.

"Na mimi nitakaa wapi?"

"Kwa nyumba, mama. Weye iko muzito."

"Huu uzito nani aliuweka?" Nilikuwa na mimba kubwa. Rafiki zake walicheka mpaka wakakaa chini. Yeye akanipapasa tumbo.

"Ni kesho tu. Nikishinda, nakirudisha."

"Kuna mchanga mupya kwa kona ya Kabuta. Nimeuona jana."

"Nimesikia, mama."

"Masikio yamesikia. Na goti?"

Akaegemeza kiti ukutani.

Jumapili, watu walipotoka kanisani, motoka za mashindano zikaondoka. Nilisimama barabarani nikisikiliza. Sauti ya motoka yetu ilikuwa mbele ya zote, inapasua kando ya ziwa, nami nikapiga vigelegele kama bibi harusi. Halafu ikakatika. Haikufifia, ilikatika. Shemeji yangu akasema, "Anabadilisha gia." Gia gani hiyo ya kunyamaza mpaka motoka za wengine zikasikika? Nikaanza kutembea kuelekea Kabuta na tumbo langu. Sikufika mbali. Walimuleta nyuma ya motoka ya mushindani wake, juu ya vikapu vya samaki, na nywele zake zimejaa mchanga.

Yule aliyekuwa tumboni leo ana batoto wake, wazuri kupita wote wa ufuko huu. Baba yao hakumuona baba yake.

Kwa kilio, wanawake waliniita mukekani. "Shuka, mama, mufiwa hakai juu." Nilikataa. Nilikuwa nimekaa kwenye kile kiti cha ukutani. Shangazi wa bwana yangu alinitukana, wengine wakanivuta miguu. Niliwaacha wavute. Mukono wangu wa kulia ulikuwa unatafuta goti.