Siku Nilipojiuzulu kwa "Hereby"

Aibu niliyoipata kanisani kwetu karibu na Nyansiongo niliitafuta mwenyewe, tena kwa kalamu nzuri, kwa hivyo chekeni tu.

Nilikuwa mwalimu wa kwaya miaka sita, na bila kujisifu (sawa, najisifu) kwaya ile niliitoa mbali. Sasa, zikibaki wiki mbili twende makambi, ile mikutano ya kanisa letu ya kila mwaka, kamati ikakataa kutununulia sare mpya, nami nikaona dawa yao ni kuwatisha kidogo kwa barua. Ningeandika Kiswahili yangeisha, lakini nilitaka waone mimi ni nani, nikaandika Kizungu: "I hereby resign as choir master." Hiyo hereby nilikuwa nimeiona kwa barua za serikali nikaipenda, ina uzito, nikajua wakiiona tu watakuja mbio kunibembeleza, hata nikamwambia mke wangu aweke maziwa ya chai ya wageni.

Hakuja mtu. Jumamosi, siku yetu ya ibada, mamangu akiwa ameketi kiti cha mbele, amekuja kunisikiliza, karani wetu Mwalimu Kerubo (alifundisha Kiingereza mpaka akastaafu) akasoma barua yangu mbele ya kanisa zima. Mzee wa kanisa akamwuliza, "Hiyo hereby ni nini?"

"Ni kusema, kwa barua hii hii," akajibu. "Hasemi atajiuzulu. Akishaandika hivyo, ameshajiuzulu."

Nikasimama haraka, nikasema nilitaka kuwaonya tu, neno lenyewe niliweka kwa sababu lilikaa vizuri.

"Mwalimu, sahihi si yako?" mzee akauliza kwa upole.

"Ni yangu."

"Basi tunakushukuru kwa kazi."

Wakaniombea nikiwa nimepiga magoti, watu wakisema amina kwa nguvu kuliko ilivyohitajika. Kisha Moraa, msichana niliyemfundisha nota mwenyewe, akapita mbele kuongoza wimbo niliotunga mimi kwa ajili ya makambi. Mama akanigeukia.

"Na wewe huendi?"

 Kwaya ikaimba, haikukosea hata mahali pamoja, na hilo ndilo lililoniuma kuliko barua yenyewe.

Makambini niliimba besi, mstari wa nyuma. Siku hizi nikikasirika naenda kusema kwa mdomo, na nikilazimika kuandika naandika "naomba", maana ukiomba unaweza kukataliwa na bado ukabaki na kazi yako.