Stima Ambayo Haikupotea

Nilikuwa fundi wa kompyuta katika hospitali moja ya binafsi hapa Machakos mjini, na nilijiona sana. Kwenye stoo nyuma ya maabara tulikuwa na seva moja tu, lakini ndani yake ziliendeshwa mashine pepe nne: kompyuta zisizoshikika, kila moja na idara yake, zote zikigawana memori ya seva hiyo.

Sharti lilikuwa rahisi. Ukitaka kupunguza memori ya mashine iliyo kazini, unaizima kwanza, na kabla ya kuizima unawapigia simu wanaoitumia. Asubuhi moja mapokezi walilalamika kwamba mfumo wao unajikokota. Nikaamua kuwapa memori ya maabara. Kungoja jioni niliona ni mambo ya waoga. Nilibadilisha namba, nikaizima mashine ya maabara na kuiwasha upya bila kumpigia mtu. Dakika mbili tu, nani atajua?

Walijua. Majibu ya vipimo ambayo watu wa maabara walikuwa wakiingiza yalipotea, na mtoto mmoja akarudishwa kuchomwa sindano ya kutolewa damu tena. Nilimsikia akilia nikiwa stoo. Msimamizi wetu, mama mkali, akaja mlangoni kuuliza kumetokea nini.

"Ni stima, madam," nikasema. "Ilipotea upande huu, na jenereta ikachelewa kushika."

Hapa kwetu jibu hilo halihojiwi. Alikwenda moja kwa moja kwa mzee aliyeangalia jenereta.

Mzee huyo alijua kwa kusikia jenereta ikinguruma, na aliandika kwenye daftari la shule kila stima ilipopotea na iliporudi, hata ikiwa ni dakika moja. Asubuhi hiyo hakuwa ameandika kitu. Kwa madam huo ulikuwa ushahidi kwamba hasikii tena. Akamwambia likitokea tena, arudi kwao Kangundo akapumzike. Nilisikia yote, nikajifanya ninapanga nyaya. Mpaka leo nikikumbuka zile nyaya natamani ardhi inimeze.

Mchana mzee alibisha mlango wa stoo, daftari mkononi.

"Kijana yangu, hizi mashine zako zinaandikanga saa. Niambie ilipotea saa ngapi. Mimi sikusikia kitu. Labda masikio imeanza kuisha."

Tulikuwa wawili tu. Hakuwa mtu wa kelele. Ningemwambia ukweli, pengine angecheka na kunisindikiza kwa madam. Nilifungua mdomo kabisa.

"Saa nne na dakika kumi, mzee."

Aliandika polepole, akikandamiza kalamu. Chini yake akaongeza kwa mkono wake mwenyewe kwamba hakusikia, na kwamba kosa ni lake. Kisha akanigeuzia daftari.

"Weka sahihi hapo, uwe shahidi. Wajue sikuficha."

Niliweka, naye akanishukuru.